Vayoleti ya Kaloleni na kwera wa Sokoke: nani yuko pabaya zaidi?

Swali lenyewe nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Niko chuo mwaka wa kwanza, kwetu ni Kaloleni. Tumepewa asaimenti tuchague mmea mmoja unaotoa maua na ndege mmoja mwimbaji, tulinganishe uainishaji wao na hali yao ya uhifadhi. Nimechagua ile vayoleti ya Afrika inayoota kwenye miamba ya huku kwetu, na yule kwera wa Clarke, ndege mfuma viota wa msitu wa Arabuko-Sokoke. Sasa nimekwama. Kaka yangu anasema kwera si ndege mwimbaji, ni ndege wa makelele tu. Halafu jina la mmea, kila kitabu kina lake. Na mwisho sijui nimtaje nani kuwa yuko hatarini zaidi. Na je, naweza kung'oa shina moja nilipeleke darasani?"

Marahaba mwanangu. Kwanza hongera kwa kuchagua vizuri, maana kila mwaka naletewa waridi na kasuku, na kasuku mwenyewe wala hayumo kwenye ndege waimbaji, hata aimbe taarabu. Wewe umechukua wawili wa kaunti moja, Kilifi, yani asubuhi unaweza kuwa na huyu na jioni na yule kama matatu hazijakuangusha. Na wote wawili hawapatikani mahali pengine popote duniani, hilo lishike maana tutalihitaji mbele.

Tuanze na kakako, tummalize.

Ndege mwimbaji kwa mtu wa biolojia si sifa ya utamu wa sauti. Ni ukoo. Kuna oda kubwa inaitwa Passeriformes, hiyo peke yake ina zaidi ya nusu ya ndege wote wa dunia, wale wenye vidole vitatu mbele na kimoja nyuma vya kukamatia kijiti. Ndani ya oda hiyo kuna kundi linaitwa Passeri, kama spishi elfu tano hivi, na hao ndio waimbaji. Kinachowatofautisha ni chombo cha sauti, ambacho kwa ndege hakiko juu kooni kama chetu, kiko chini kabisa pale bomba la hewa linapogawanyika kwenda mapafu mawili, na kwa hawa waimbaji kina misuli mingi midogo ya kukichezesha, tena wanajifunza wimbo wao kwa kusikiliza wakubwa, kama mtoto anavyojifunza kuongea. Sasa kwa kipimo hicho kwera yumo. Na ukitaka kumkera kakako zaidi mwambie hata kunguru, huyu huyu kunguru wa India anayeiba samaki sokoni, ni ndege mwimbaji kamili, wakati njiwa anayekubembeleza alfajiri dirishani hayumo kabisa. Kuna na yule pita mwenye rangi nyingi anayepita Gede wakati wa msimu, huyo yuko ndani ya Passeriformes lakini nje ya waimbaji, kwa hiyo usiandike kwamba oda nzima ni waimbaji, wasahihishaji wanapenda sana kukamatia hapo.

Ila kakako ana haki nusu. Sauti ya kwera wa Clarke kwa kweli haina cha kusifiwa. Mimi nikiwasikia huwa nafikiria vitunguu vinavyokaangwa, chrrrr-zzz, kundi zima kwa pamoja, juu kabisa kwenye mti wa mrihi. Na utakuwa umesimama hapo kwenye mchanga mweupe shingo imekukaza, unaona matawi yanatikisika tu, halafu ghafla mmoja anageuka upande na unamwona: dume, kichwa na mgongo vyeusi, tumbo njano, mabawa yana pindo za njano. Jike ni wa kijani-kijani juu na njano chini. Sekunde tatu hivi, na kundi limeshahamia mti mwingine, wanapita wakiokota wadudu kwenye majani na magome wakichanganyika na ndege wa aina nyingine. Niliwahi kumpeleka mgeni aliyetoka mbali kwa ajili ya ndege huyo mmoja tu, tukakaa siku mbili, akamwona mkia.

Uainishaji wake ni rahisi kuandika: himaya Animalia, faila Chordata, ngeli Aves, oda Passeriformes, familia Ploceidae, jenasi Ploceus, spishi Ploceus golandi. Jina alipewa mwaka 1913 na Mwingereza Stephenson Clarke aliyempa jina la ndugu yake, Goland. Kitu kimoja usikiache kwenye karatasi yako: familia hiyo hiyo ya Ploceidae ndiyo ya kwelea kwelea. Ndiyo, wale wale wanaoshuka kwenye mtama na mpunga kama wingu mpaka serikali inawapulizia sumu kwa eropleni, wanaotajwa kuwa ndege wa porini walio wengi kuliko wote duniani. Binamu mmoja tunamwaga dawa tumpunguze, mwingine tunatafuta hela ya kumlinda. Kwa hiyo mtu akikuambia familia ya kiumbe inakuonyesha hatari yake, mpe mfano huo anyamaze.

Sasa mmea, hapo ndipo ulipochanganyikiwa na wala si kosa lako.

Jina "vayoleti" lenyewe ni uongo. Vayoleti halisi ziko familia ya Violaceae, oda ya Malpighiales, na kwenye oda hiyo utakutana na muhogo, mbono, pasheni na hata mikoko yetu. Hii ya kwenu iko familia ya Gesneriaceae, oda ya Lamiales, ambako jirani zake ni mrihani, ufuta, msaji na asumini. Yani kwa ukoo, vayoleti ya Ulaya iko karibu zaidi na muhogo wa bibi yako kuliko ilivyo karibu na kaua kale ka kwenye mwamba. Waliliita vayoleti kwa sababu ya rangi na umbo la ua, basi.

Halafu hilo la majina. Mwaka 1892 kulikuwa na ofisa wa Kijerumani Tanga, baroni Walter von Saint Paul-Illaire, aliipata huko Tanga na Usambara akampelekea baba yake Ujerumani, na kutoka hapo ikafika bustani ya kifalme ya Herrenhausen, Hannover, kwa mtaalamu Hermann Wendland. Mwaka 1893 Wendland akaiandika rasmi Saintpaulia ionantha, Saintpaulia kwa heshima ya ukoo wa huyo baroni, na ionantha maana yake yenye maua kama vayoleti. (Mzee wa kijiji aliyekuwa anapita kwenye mwamba huo kila siku yeye hakuulizwa inaitwaje, lakini tuyaache.) Baadaye wataalamu wakawa wanakusanya za kila mlima na kuziita kila moja spishi yake mpaka zikakaribia ishirini. Na hiyo ya kwenu ikawa Saintpaulia rupicola, yani mkaa miambani.

Mwaka 2006, kwenye ule mfululizo mkubwa wa Flora ya Afrika Mashariki ya Kitropiki, orodha ikapunguzwa sana, zile nyingi zikaonekana ni nususpishi tu za spishi moja, na rupicola ikashushwa cheo ikawa nususpishi ya ionantha. Haikuishia hapo. Vipimo vya DNA vikaonyesha kwamba Saintpaulia yote imezaliwa ndani ya jenasi nyingine iliyokuwepo tayari, Streptocarpus, sawa na kumkuta mtu ulidhani ni mpangaji kumbe ni mtoto wa nyumba hiyo. Kwa hiyo leo wengi wanaandika Streptocarpus ionanthus nususpishi rupicola. Kichekesho ni kwamba Streptocarpus maana yake tunda lililosokotwa, na tunda la vayoleti yetu halijasokotwa hata kidogo, lakini DNA haijali maana ya majina.

Na ile ionantha kuwa ionanthus isikutishe, hiyo ni sarufi tu. Saintpaulia kwa Kilatini ni la kike, Streptocarpus ni la kiume, kwa hiyo kivumishi lazima kikubaliane nalo. Sisi wenye ngeli ndio tunaoelewa haraka kuliko Wazungu: kiti kizuri, ukibadilisha kiti kikawa meza huwezi kubaki na kizuri, unasema meza nzuri. Ndicho kilichotokea. Kwenye asaimenti yako andika jina jipya halafu kando useme zamani iliitwa Saintpaulia rupicola, mambo kwisha. Ngazi zilizobaki ni himaya Plantae, kisha kundi la mimea itoayo maua, oda Lamiales, familia Gesneriaceae, jenasi Streptocarpus. Ngeli ukilazimishwa weka Magnoliopsida, ila mfumo wa APG wa kuainisha mimea itoayo maua, ambao wengi wanautumia leo, toleo la 2016, hauweki vyeo rasmi juu ya oda, kwa hiyo mwalimu akikuuliza mbona safu ya mmea ina mashimo na ya ndege imejaa, jibu ni hilo.

Umeona hapo tumeshapata kitu? Unalinganisha nususpishi na spishi nzima. Huyo kwera akiisha, Ploceus golandi yote imeisha. Rupicola ikiisha, Streptocarpus ionanthus bado ipo Usambara na kwingineko Tanzania, tumepoteza tawi moja, la thamani kubwa lakini tawi. Na zamani ilipokuwa inaitwa spishi kamili, kupotea kwake kungeandikwa kama msiba wa spishi. Mmea ni ule ule, mwamba ni ule ule, kilichobadilika ni cheo kwenye karatasi. Hilo ukilieleza vizuri mimi ningekupa maksi hata usipoandika kingine.

Tuje hali ya uhifadhi. Kipimo kinachotumika ni Orodha Nyekundu ya IUCN, lile shirika la kimataifa la uhifadhi, iliyoanzishwa 1964, ina makundi tisa: kuna viumbe ambavyo havijatathminiwa, kuna ambavyo taarifa zake hazitoshi, kisha unapanda ngazi, wasio na wasiwasi mkubwa, walio karibu na hatari, walio dhaifu, walio hatarini ambao kifupi chao ni EN, walio hatarini kabisa yani CR, halafu waliotoweka porini, na mwisho waliotoweka moja kwa moja. Mtu haingizwi kwenye ngazi kwa huruma. Wanaangalia idadi imeshuka kwa kasi gani, eneo ni dogo kiasi gani, waliokomaa wako wangapi. Kwa mfano kwenye kipimo kimojawapo cha eneo, chini ya kilomita za mraba 5,000 unaweza kuingia EN na chini ya 100 unaingia CR, lakini lazima kuwe na dalili nyingine pia kama kupungua au kukatika vipande vipande, udogo wa eneo peke yake hautoshi.

Kwera wa Clarke ni EN. Vayoleti yenu, kwa tathmini za wataalamu wa mimea, iko kundi la CR, hatarini kabisa. Kwa hiyo kwenye karatasi mmea uko pabaya zaidi, na ukiandika hivyo hujakosea. Lakini ngoja.

Kwanza ujue safu hizo mbili hazijajazwa sawa. Ndege wote wa dunia, kama elfu kumi na moja, wameshatathminiwa, shirika la BirdLife ndilo linashughulika nao na wanarudia tena na tena. Mimea, hata robo ya inayojulikana haijafikiwa. Kwa hiyo ndege akikosa jina kwenye orodha ya hatari inamaanisha kitu, mmea ukikosa huenda ina maana hakuna aliyewahi kwenda kuangalia.

Pili, nenda uangalie hizo hatari zenyewe zinavyofanya kazi. Panda Cha Simba baada ya mvua, wewe ni wa huko hunihitaji mimi. Ile miamba ya chokaa ina nyufa zenye kivuli, na humo ndimo vayoleti imejibana, majani yake duara yana vinyweleo kama shavu la mtoto, matone ya maji yamekaa juu hayaingii. Inama uangalie ua: petali za zambarau hafifu, katikati vifuko viwili vya njano vya chavua. Hakuna nekta humo. Nyuki anakuja, anang'ang'ania vile vifuko na kuvuma kwa nguvu mpaka chavua inamwagika kwa mtetemo. Mbegu zake ni vumbi. Mmea kama huo hauhami. Unachohitaji ni kivuli, unyevu na mwamba, sasa mtu akikata miti iliyokuwa inatia kivuli, jua likapiga mwamba saa sita, majani yanakuwa karatasi, na mtu akija kuvunja mawe ya kujengea anaondoka na nyumba na mwenye nyumba. Sehemu inapoota ni chache tu, ndio maana ya CR. Lakini kila tishio lina mahali unapoweza kulioneshea kidole. Mwamba huu, miti hii, mwenye shamba yule pale. Watu kumi wakikubaliana kwenye kikao chini ya mwembe, mwamba mmoja umepona.

Kwera sivyo, na hapa ndipo mimi nakosa usingizi. Yeye ana nyumba mbili. Chakula chake kiko kwenye mirihi ya Arabuko-Sokoke, msitu wa hifadhi wa kilomita za mraba kama 420, na kwenye misitu ya Dakatcha kaskazini mwa mto Sabaki. Kuzaa je? Alijulikana kwa sayansi 1913, na miaka mia nzima ikapita watu wanamwona akila, wanamwona akiruka, hakuna aliyejua kiota chake kiko wapi. Ndege wa kufuma viota, mwanangu, watu ambao viota vyao huwa vinaning'inia barabarani kila mtu aone! Ni mwaka 2013 tu ndipo koloni la kwanza lilipatikana Dakatcha, kwenye kinamasi cha msimu, viota vimefumwa kwenye majani jamii ya ndago yaliyosimama majini. Kinamasi hicho kinajaa mvua ikiwa nzuri, mvua ikiwa haba hakuna kinamasi, hakuna kiota.

Yani ukiulinda msitu ukaacha kinamasi, umelinda jiko ukabomoa chumba cha kulala. Na Dakatcha si hifadhi ya serikali kama Arabuko, ni ardhi ya jamii, watu wanaishi humo, wanachoma mkaa kwa sababu mkaa unalipa ada ya shule, wanafyeka mashamba ya nanasi, na miaka ile ya 2009 mpaka 2011 kulikuwa na mpango wa shamba kubwa mno la mbono wa mafuta ya mitambo, ambao wenyeji na wahifadhi waliupigia kelele mpaka ukakwama. Hapo kikao kimoja chini ya mwembe hakitoshi, unahitaji vikao hamsini na mvua nayo ikubali.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi, kwera yuko EN na bado ninamhofia kuliko mmea wa CR. Mwalimu wako anaweza kukataa, ni haki yake, ila usiandike "CR ni mbaya kuliko EN" ukaweka kalamu chini. Andika kundi, kisha andika kwa nini.

Kuna hoja moja itakayotolewa darasani, najua kabisa, kwamba vayoleti haiwezi kutoweka kwa sababu zimejaa madukani, kila dirisha la bibi Ulaya na Marekani lina kopo lake. Ni kweli zimejaa, ila hizo ni machotara yaliyozalishwa zaidi ya miaka mia kutoka kwenye mashina machache ya Tanga na Usambara, na Orodha Nyekundu haihesabu makopo, inahesabu walioko porini. Hata hivyo nikubali, mmea una bahati ambayo ndege hana. Jani moja ukilichomeka kwenye mchanga wenye unyevu linatoa mizizi na mmea mzima, kwa hiyo hata porini pakiungua panaweza kubaki nakala kwenye bustani ya mimea mahali fulani. Kwera huwezi kumchomeka kwenye mchanga.

Mwisho hilo la kung'oa. Hapana. Shina moja pale Cha Simba si sawa na shina moja la mchicha, na ukishang'oa wewe wenzako arobaini nao watataka. Nenda kwenye nasari yoyote Mombasa ununue kopo la vayoleti ya kawaida, uwaambie wazi kwamba hiki ni chotara, binamu wa mjini, halafu upeleke na picha za ile ya mwambani, piga za karibu zioneshe vinyweleo na vile vifuko vya njano. Ila usitaje kwenye karatasi ni ufa upi hasa. Na kwera ukitaka kumpiga picha fika Sokoke kabla saa moja asubuhi, mchukue muongozaji wa pale pale, na kakako mwende naye, akasikilize mwenyewe.